Namba Sita za Mama Mkwe

Jumamosi hiyo Nsimire aliapa mbele ya kioo cha bafuni kwamba halii tena. Alikuwa amelia Jumapili kanisani. Jumatatu alilia kazini akimlisha uji yule bibi mzungu anayemtunza, hadi bibi mwenyewe, miaka tisini na moja, akachukua leso akamfuta yeye. Na Jumanne sitaki hata kuisimulia. Yatosha, jamani! Msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye kazi yake na gari lake, hawezi kuozea kwenye mto wa kitanda kwa ajili ya mwanaume. Akanawa uso, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda jikoni kuangalia sombe yake, majani ya muhogo yaliyokuwa jikoni.

Ndipo kengele ya mlango ikalia. Akachungulia dirishani kutoka ghorofa ya pili. Chini, kwenye theluji chafu ya Machi, palikuwa na gari la bluu lenye namba za Kentucky.

Gari hilo alilijua.

"Iko nani?" mama yake aliuliza kutoka sebuleni.

"Ni... ni Mjomba Zenoni, Mama." Hakusema uongo, maana Mjomba Zenoni kweli alikuwa anashuka upande wa abiria, ameshika kiuno.

"Zenoni? Toka Columbus mpaka hapa Buffalo bila kunipigia simu?"

"Atakupigia kwa simu gani, Mama?"

Simu ya mama ilikuwa mezani imefunikwa na kitambaa, kama maiti. Tangu wiki iliyopita hakutaka hata kuitazama.

Mambo yalikuwa hivi. Katika ukoo wa mama yake Nsimire, mkwe na mama mkwe hawasemezani. Mpaka siku ya kupokea mahari, mwanaume hampigii simu mama wa msichana wala hamtazami usoni. Akiwa na neno, anamtuma mtu. Huko Bukavu, kwao Kongo, mjumbe alikuwa shangazi fulani mwenye miguu myepesi. Huku Marekani, ambako ndugu wametawanyika Louisville, Columbus na Buffalo, mjumbe akawa grupu la simu. Waliliita Arusi ya Nsimire, na humo mlikuwa na watu arobaini na wawili wanaosema wote kwa pamoja.

Jumamosi iliyopita, ujumbe ulimfikia mama peke yake, nje ya grupu. Picha ilikuwa ya Mirindi, mchumba wa Nsimire, ile ya suti ya kijivu. Jina ni la Mirindi. "Bonjour Mama. Naomba radhi kukuandikia. Tunafungua grupu jipya la arusi. Namba sita zitaingia kwa simu yako, tafazali unitumie." Mtu mwingine angepiga simu aulize, Mirindi, ni wewe kweli? Mama asingeweza. Kumpigia mkwe! Angeiweka wapi sura yake? Tena ile adabu ya kuomba radhi ilimfurahisha. Akavaa miwani, akatuma namba zote sita, na mwishoni akaongeza baraka.

Hazikupita dakika kumi, akaunti yake ikawa mikononi mwa mwizi. Ndugu wote wakaandikiwa kwa jina lake kwamba amelazwa, wamsaidie haraka kwa kadi za zawadi za dukani. Watu walituma huku wanalia. Mjomba Zenoni, anayesimama mahali pa baba yake Nsimire tangu baba afariki, alituma kuliko wote. Ukweli ulipojulikana kesho yake, aliingia kwenye grupu akaandika kwa herufi kubwa: MIRINDI NI MWIZI. ARUSI HAIKO. Kisha akamwondoa.

Nsimire alimpigia Mirindi mara moja tu. "Ni wewe?" aliuliza. Kutoka upande wa pili akasikia: "Ata weye?" Akakata simu. Baada ya hapo mama alimwapisha asiseme naye tena, naye akaapa.

Sasa alishuka ngazi mbili mbili, viatu vya ndani miguuni.

Mirindi alikuwa amesimama kando ya gari, mikono mfukoni, macho mekundu kwa barabara. Alikuwa amekonda. Au ni lile koti? Nsimire alitamani kumrukia shingoni hapo hapo, majirani watake wasitake, lakini Mjomba alikuwapo.

"Nsimire."

"Mirindi."

"Bon," Mjomba akaingilia, "majina munajuana. Tuingie, hii baridi inataka kuniua."

Wakaingia kwenye korido ya chini. Nsimire akaliacha swali alilotaka kuuliza, akauliza lililokuwa karibu. "Na kazi? Walikupa ruhusa?"

Mirindi alikuwa anakaa mtaa wa Iroquois, kule Louisville, Kentucky, na anafanya kazi kitongoji cha Jeffersontown, kwenye ghala la kukagua na kutengeneza simu zilizokwisha tumika. "Walitusimamisha siku nne," alisema. "Kampuni mbili kubwa ziko kortini. Kila moja inasema ndiyo ilianza kubuni namna ya kufungua simu kwa kidole. Mpaka hakimu aseme, zile simu hatuzigusi. Tulizipanga kwenye makasha, wakatuambia twende nyumbani."

"Kidole!" Mjomba alisema. "Batu bazima, matajiri, banagombania kidole!"

"Mi nawashukuru, Muzee. Bila ugomvi wao ningetoa wapi siku nne za kuja kugombania mke?"

Nsimire akaangalia pembeni, maana tabasamu lilikuwa linakuja na hakuwa na haki nalo. "Mjomba, si weye ulimfukuza? Leo munatoka gari moja?"

Mjomba akakuna kichwa. "Alikuya kwangu jana. Nikamufungia mulango. Akakaa kwa ngazi, na theluji inamunyeshea. Nikafungua nimufukuze, akaniwekea simu yake mukononi, imefunguliwa. Akasema: Muzee, kaa nayo. Soma yote, mi nitangoja hapa inje. Masaa mbili nilisoma!"

"Yote?"

"Yote! Ata ile ya 'sukari ya chai yangu'. Niko muzee, Nsimire. Nilipumuzika kidogo, nikaendelea."

Nsimire alitamani theluji yote ya Buffalo imfunike.

"Halafu nikatoa yangu," Mjomba aliendelea, na sauti ikapungua. "Na mi huyo mwizi aliniandikia siku ile, maneno yale yale ya namba sita. Sikumujibu juu nilikuwa kazini. Nikaweka simu mbili pa meza. Sura ni moja, ile ya suti. Lakini namba chini yake, donc, namba ingine kabisa! Mirindi ananiambia huyo mutu aliiba kwanza akaunti ya mumoja wetu wa kwaya, akakaa kimya ndani ya grupu, anasoma tu nani anaoa nani. Na mi niliangalia sura. Namba sikuiangalia. Nikamuita mutoto wa batu mwizi mbele ya batu makumi ine."

Mjomba akashika mbao za ngazi, akaanza kupanda taratibu, makusudi kabisa, akiwaachia nafasi. Nakuambieni, mzee aliyekwisha soma ujumbe wa watu kwa masaa mawili anajua wakati wa kuondoka.

"Na weye?" Mirindi aliuliza. "Uliamini?"

Angeweza kusema hapana. Macho yake yalikuwa yanamwomba aseme hapana.

"Siku moja," Nsimire alisema. "Siku moja nzima niliamini. Halafu nikakumbuka vile ulisema 'ata weye'. Mwizi haumii vile. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwapia Mama, na nikaogopa kukutafuta. Unisamehe, Mirindi. Nilipaswa kuwa wa kwanza kukusimamia, nikawa kama wengine."

Mirindi akamtazama mpaka miguuni.

"Toka Louisville natafuta maneno ya kukugombeza," Mirindi alisema. "Nilipata mengi, tena makali. Nimekuona na hivi viatu vyako vya ndani, yote yamenipotea." Akamshika ncha za vidole tu. "Nimekwisha kukusamehe. Nisaidie na Mama."

Hapo Nsimire akalia, kiapo cha asubuhi akakisahau kabisa.

Juu, mama alikuwa amekwisha kusikia hatua za mtu wa pili. Akageuzia uso ukutani.

"Zenoni, ule ni nani umeniletea kwa nyumba?"

"Ni mukwe wako."

"Siko na mukwe."

"Bon, uko na fundi wa simu. Utamukatala na fundi?"

Mirindi, kama adabu inavyotaka, alipita moja kwa moja jikoni, akasimama karibu na jiko, mgongo kwa sebule. Mjomba akavuta kiti akakiweka mlangoni katikati, ili awe mjumbe. Nsimire akaegemea ukuta mahali ambapo aliwaona wote watatu. Mjomba akaeleza habari ya sura na namba, akaeleza mara mbili, akapiga kifua, akakiri kosa lake.

"Wiki ile ilipita ulisema mwizi," mama alijibu. "Leo unasema malaika. Mi nishike gani?"

"Shika ya leo."

"Nilimupa baraka, Zenoni. Juu ya zile namba nilimuwekea na baraka. Unajua namna nilisikia haya? Sifunui hii simu. Sitaki."

Kutoka jikoni Mirindi alisema, polepole, akiielekeza sauti kwa Mjomba: "Muzee, umwambie Mama kwamba jana mwizi aliwaandikia watu wa Bukavu kwa jina lake. Anasema Mama anakufa. Lakini alipofunga akaunti kwa namba yake ya siri, mtandao uliweka siku saba za kungoja. Zimeisha leo. Leo mwenyewe anaweza kuirudisha."

"Anasema," Mjomba akaanza, "leo ni siku ya saba..."

"Nilimusikia. Siko kiziwi."

Mama akaitazama simu iliyofunikwa. Alikuwa na dada Bukavu, mgonjwa wa presha, na kila mtu sebuleni alijua anamfikiria nani. Mwishowe akakiondoa kile kitambaa juu ya simu.

"Anisaidie kuifungua," alisema. "Kisha arudi kwao. Arusi ni maneno ingine, na mi nimekwisha kuyafunga."

Nsimire akaona mabega ya Mirindi yakishuka. Hakugeuka. Hakusema neno la kujitetea. Alisema tu: "Muzee, Mama abonyeze pale pa kijani."

"Anasema bonyeza pa kijani."

"Zenoni, masikio ninayo."

"Basi bonyeza!"

"Na weye si uniambie? Ndio kazi yako."

Waliendelea hivyo, kila neno likisemwa mara mbili ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Aandike namba yake ya simu. Anasema uandike namba yako ya simu. Asubiri. Anasema usubiri. Sombe ikaanza kutokota na hakuna aliyeishughulikia. Mara Mjomba akachanganya mambo, akamwambia mama afute mahali Mirindi alisema aguse, wakaanza upya. Nsimire aliuma mdomo asicheke. Yaani mtu unavunjika moyo na kicheko kinakubana hapo hapo!

Simu ikalia. Ujumbe ukaingia.

Mama akavaa miwani. Namba zilikuwa sita, kama zile za wiki iliyopita. Nsimire aliona sura ya mama yake ikibadilika, ikawa ile anayokuwa nayo kanisani kabla ya kusimama kutoa ushuhuda.

"Zenoni," mama alisema, "umwambie hivi. Ile mara nilimupa namba mutu alikuwa na sura yake. Leo nataka nimupe yeye mwenyewe, macho kavu, mbele ya mutoto wangu. Kama ni mwizi, Mungu anamuona. Kama hayiko mwizi, mi nitajua."

"Anasema..." Mjomba alianza, lakini mama hakumngoja.

"Naanza. Ine. Moja..."

"Mama, hapana!"

Mfuniko wa sufuria ukaanguka sakafuni. Mirindi alikuwa ametoka jikoni, amempita Mjomba na kiti chake, na sasa alisimama sebuleni akimtazama mama mkwe wake usoni kabisa, mkono ameunyosha mbele.

"Usiniambie, Mama! Usimwambie mutu. Ata mie, ata Nsimire, ata padri. Mutu akikuomba hizo namba, huyo ndiye mwizi, ata akiwa na sura yangu, ata akikuita Mama. Tafazali. Uziandike weye mwenyewe na kidole chako."

Mjomba alibaki ameachama, hana cha kupeleka upande wowote. Nsimire alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Kwao, mwanaume aliyemfokea mama wa msichana wake hapelekwi hata kwenye baraza la wazee, anaonyeshwa njia.

Mirindi naye akagundua alichofanya. Akainamisha kichwa, akaanza kurudi nyuma. "Nisamehe, Mama. Nimekukosea heshima. Muzee, umwambie... Nitangoja kwenye gari."

"Simama," mama alisema.

Akasimama.

Mama akaiweka simu kwenye magoti. Akakunja kiganja cha kushoto juu yake, ili hata kaka yake asione, na kwa kidole cha kulia akagusa namba moja baada ya nyingine, midomo ikisogea bila sauti. Ya sita ilipoingia, simu ikafunguka, na akaunti yake ikarudi. Ujumbe wa wiki nzima ukaanza kuanguka mmoja juu ya mwingine, tin, tin, tin, watu wanauliza amelazwa hospitali gani.

"Sasa aweke namba yake ya siri," Mirindi alisema kwa unyenyekevu, "ili mwingine asiingie tena. Achague anayoijua yeye peke yake." Akageuka upande wa pili kabisa, akaitazama kalenda ya kanisa ukutani. Mjomba akaona afadhali na yeye ageuke.

Nsimire aliutazama ule mgongo, koti limelowa mabegani, shingo imechomwa na baridi. Mtu alipewa funguo mkononi, na kwa zile funguo angeweza kulirudisha jina lake, arusi yake, kila kitu alichoendeshea gari siku mbili. Akazikataa kwa kelele. Asante Mungu, alisema moyoni. Asante kwa huyu. Asante hata kwa matajiri wanaogombania kidole.

Mama alimaliza. Akavua miwani, akajifuta macho, akavaa tena. Kisha akafungua lile grupu la arusi, akaweka kidole gumba pale pa kurekodi sauti, akaanza kusema.

"Ndugu zangu, ba Louisville, ba Columbus, na ba Bukavu munitumie hii. Ni mi mwenyewe. Siko hospitali, siko nakufa, niko kwa kiti yangu. Aksanti kwa wote munaniombea. Kosa lilikuwa langu. Lakini kuna mutoto mumoja, Mirindi, tulimuita mwizi. Leo nilimupa namba zangu mukononi, akazikatala. Mi mama mukwe wake, alinifokea! Alinifokea juu nisimupe. Toka nizaliwe hakuna mutu alinichunga vile, isipokuwa marehemu bwana yangu. Zenoni."

"Niko."

"Sema weye."

Mjomba akasogea karibu na simu, akainama kidogo, kama anaongea na mtu mfupi. "Ni mi Zenoni. Nilikosa. Nilimuchafua mutoto wa wenyewe. Mirindi, unihurumie. Namurudisha kwa grupu sasa hivi, na atakayesema neno, aniambie mi."

Kidole cha mama kilikuwa bado kimebonyeza. Akamgeukia Mirindi, bila mjumbe, uso kwa uso.

"Na weye," alisema. "Sura yako banaiba. Jina yako banaiba. Sauti yako mi sikuijua, ndiyo shida ilitukuta. Kuya karibu. Uniambie na kinywa yako: mutoto wangu unamutaka?"

Mirindi akamtazama Nsimire kwanza. Kisha akapiga goti kwenye zulia. "Ninamutaka, Mama."

"Tena. Nataka niijue hii sauti."

"Ninamutaka Nsimire, Mama. Maisha yangu yote."

"Bon," mama alisema, na machozi yakamtoka kweli kweli. "Sasa nakujua."

Akaachia kidole, na sauti ya Mirindi ikaenda kwa watu arobaini na wawili.